Kompyuta ilisoma 128, nyumbani ni 88: goti la mama lina shida gani?

SWALI

Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 67, tunaishi Tanga. Wiki sita zilizopita alibadilishwa goti la kulia katika hospitali moja India, kwa upasuaji wa kuongozwa na kompyuta. Tulirudi na karatasi yenye namba na grafu. Kabla ya kuchanwa: kunyoosha 9, kukunja 112, matege 8. Baada ya kuwekewa goti bandia: kunyoosha 0, kukunja 128, matege 1. Tulifurahi sana. Sasa hapa nyumbani mtaalamu wa fiziotherapia amempima mara tatu, haipiti 10 hadi 88. Mama analia, anasema heri goti lake la zamani. Nafuu anaipata akilala na mto chini ya goti. Je, kompyuta ilidanganya, au goti limeharibika njiani? Na lini atakaa chini asali kama zamani?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole nyingi. Kilio cha wiki ya sita nimekisikia kwa wagonjwa wengi, na maneno ni hayo hayo, heri goti langu la zamani. Usimgombeze kwa hilo.

Nianze na jibu lenyewe ili usisome roho ikiwa juu. Kompyuta haikudanganya, na mtaalamu wenu wa fiziotherapia naye hakukosea. Goti moja linaweza kutoa 128 mezani na 88 nyumbani, na namba zote mbili zikawa za kweli, kwa sababu kompyuta ilipima goti la mtu aliyekufa ganzi, na mtaalamu wenu anapima goti la mtu aliye macho, lenye uvimbe na maumivu. Ila kwenye barua yako kuna namba moja inayonisumbua kuliko hiyo 88, nayo hukuiulizia. Nitaifikia.

Kwanza ujue namba za ile karatasi zilipatikanaje. Mama alipolazwa mezani, daktari alipenyeza pini za chuma, kwa kawaida mbili kwenye mfupa wa paja na mbili kwenye mfupa wa muundi, kila moja nene kiasi cha msumari wa inchi nne. Ukimtazama leo huenda ukaona makovu madogo mawili mawili, mbali kidogo na lile kovu refu la mbele. Familia nyingi huyaona wakati wa kumwogesha mgonjwa wakashtuka. Ni ya pini hizo. Juu ya pini hufungwa kifremu chepesi chenye vitufe vitatu au vinne vinavyong'aa, kila kimoja mfano wa gololi. Karibu mita mbili kutoka mezani husimama kamera yenye macho mawili. Kamera inarusha miale ya infraredi, mwanga ambao sisi hatuuoni, vitufe vinairudisha, na kompyuta inajua kila kitufe kilipo kwa kosa lisilofika nusu milimita. Vitufe vitatu vikionekana kwa pamoja, inajua mfupa ulipo na pia umeelekea wapi. Tone la damu likirukia kitufe, au nesi akipitisha kiwiko mbele ya kamera, mfupa unapotea kwenye skrini na kila mtu anasimama kusubiri.

Lakini kamera inaona vitufe tu. Haioni nyonga, haioni goti, haioni kifundo cha mguu. Hapo ndipo kazi ya mikono ya daktari inapoingia, na hapo ndipo pana siri ya namba zenu.

Nyonga imefunikwa na nyama, hakuna wa kuigusa. Kwa hiyo daktari anashika mguu mzima na kuuzungusha taratibu hewani, mduara baada ya mduara, kama anayekoroga uji kwenye sufuria kubwa. Umewahi kuona mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kigingi? Anakula majani mpaka kamba inapofika, na jioni uwanjani pamebaki duara. Hata ukiwa mbali, kigingi hukioni, ukilitazama duara tu unajua kigingi kiko katikati. Kompyuta inafanya hivyo hivyo: vitufe vya pajani vinachora kipande cha mviringo hewani, na yenyewe inatafuta kitovu chake. Kitovu hicho ndicho nyonga. Nilipoanza kusimama kwenye upasuaji wa aina hii, dakika hiyo ndiyo iliyonishangaza kuliko zote, na bado naipenda. Kituko chake ni kwamba mgonjwa akiburutika kidogo mezani wakati mguu unazungushwa, kigingi kimehama, na duara haliaminiki tena. Ndiyo maana kuna mtu hukaa ameshikilia nyonga kwa mikono miwili.

Kifundo cha mguu ni rahisi. Daktari anagusa kwa kalamu maalumu nundu ya ndani na nundu ya nje, kompyuta inachukua katikati yake. Kwenye goti lenyewe, likiwa limeshafunguliwa, anagusa alama kadhaa za mfupa. Kuanzia hapo kompyuta ina mistari miwili: mmoja kutoka nyonga hadi goti, mwingine kutoka goti hadi kifundo. Pembe kati ya mistari hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye karatasi yenu. Ukiitazama kwa ubavu ni kukunja na kunyoosha. Kunyoosha 0 maana yake mguu umenyooka kabisa; kunyoosha 9 maana yake umebaki umepinda nyuzi 9. Ukiitazama kwa mbele ni matege. Matege 8 maana yake mistari ilikuwa imeachana kwa nyuzi 8, mguu umepinda kwa nje kama upinde. Matege 1 maana yake mguu sasa umenyooka.

Njia hii ya kupima bila hata picha ya CT ilitumika kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa mwezi Januari 1997, mjini Grenoble, Ufaransa, na timu ya daktari Dominique Saragaglia. Kabla ya hapo, na mpaka leo kwenye hospitali nyingi, daktari hutumia fimbo za chuma zinazoingia ndani ya mfupa, pamoja na jicho lake. Goti zuri linawezekana kwa njia hiyo, na wengi wanatembea nalo. Ila jicho haliwezi kuandika karatasi kama hiyo mliyopewa.

Goti lina mambo zaidi ya kukunja. Watu hudhani ni bawaba ya mlango. Kaa kwenye kiti sasa hivi, mguu ukining'inia, halafu unyooshe polepole huku ukitazama vidole. Karibu na mwisho, vidole vitageuka kidogo kuelekea nje. Hukuvigeuza wewe, ni goti lenye afya linavyojifunga, muundi unajisokota kwa nje katika nyuzi 20 au 30 za mwisho. Tena unapokunja, mfupa wa paja upande wa nje unarudi nyuma juu ya muundi, upande wa ndani unabaki karibu pale pale. Ukijumlisha yote, goti lina miendo sita: kukunja, kupinda pembeni, kujisokota, na kuteleza kwa njia tatu. Mwaka 1983 watafiti Grood na Suntay walipendekeza namna moja ya kuitaja yote sita, mhimili mmoja ukilala kwenye paja, mmoja ukisimama kwenye muundi, na wa tatu ukielea katikati yake, ili daktari na mhandisi wasibishane kwa lugha mbili. Mpango huo, au wenye msingi huo huo, ndio unaokutana nao kwenye vipimo vya goti mpaka leo. Goti lililoliwa gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, mara nyingi limeshapoteza ule msokoto, na goti bandia mara nyingi haliurudishi wote. Mama akikuambia goti hili "si langu", anasema jambo ambalo kweli lipo.

Sasa turudi kwenye namba, maana hapa ndipo watu wanapotea.

Namba 112 na namba 128 zilichukuliwa siku moja, meza moja, mkono mmoja, vitufe vile vile. Hizo unaweza kuzilinganisha: goti liliongezeka nyuzi 16 za kukunja na 9 za kunyoosha. Lakini huwezi kuchukua 128 ya mezani ukailinganisha na 88 ya nyumbani. Na hata ile 112 usiichukue kwamba ndiyo iliyokuwa ya mama kabla hajaondoka Tanga. Ile ni 112 ya mtu asiyesikia maumivu. Akiwa macho, na goti bovu vile, huenda alikuwa anaishia 95 au 100. Tafuta kwenye faili lake kama kuna aliyempima kliniki kabla ya safari. Namba hiyo ndiyo ndugu halisi wa 88. Nakushauri hivyo kwa sababu kinachotabiri mkunjo wa baadaye vizuri kuliko vingine ni mkunjo aliokuwa nao mgonjwa kabla ya upasuaji.

Kwa nini mezani goti hukubali zaidi? Chini ya ganzi misuli ya mbele ya paja imelegea kabisa, haizuii. Uvimbe haujaanza. Mkono uliokunja ni wa daktari, na hakuna aliyepima alisukuma kwa nguvu kiasi gani. Mmoja husukuma kwa upole, mwingine hubana mpaka kisigino kikaribie tako. Wapo wanaoinua paja tu na kuacha mguu uanguke wenyewe kwa uzito wake, na mimi naipenda njia hiyo kwa sababu uzito wa mguu haubadiliki kwa hasira wala kwa haraka ya daktari. Halafu kuna swali ambalo ningependa umuulize daktari aliyempasua, kwa ujumbe mfupi tu: 128 ilisomwa kabla ya kushona goti au baada? Goti likiwa wazi, pia ya goti ikiwa imesukumwa pembeni, linakunjwa kwa namna ambayo halitakunjwa tena likishafungwa. Kama hiyo pia ya goti imeongezwa unene kwa kipande cha plastiki kinachozidi, kipimo cha goti lililo wazi hakitaonyesha. Kilichosomwa baada ya kushona kina uzito zaidi.

Jambo lingine ni sifuri yenyewe. Kompyuta inaanza kuhesabu kutoka mstari wa nyonga, goti na kifundo. Mtaalamu wenu anaweka kipima pembe juu ya ngozi, mkono mmoja ukielekea nundu ya juu ya paja pembeni, mwingine ukielekea kifundo. Mfupa wa paja una upinde wake, na nyama za paja zinasogea. Vifaa hivi viwili vinaweza kutofautiana nyuzi chache kwa mguu ule ule bila yeyote kukosea. Na kipima pembe cha mkononi, hata kikishikwa na mtu makini, nyuzi 3 au 5 huja na kuondoka tu. Kwa hiyo akipimwa 88 Jumatatu na 85 Alhamisi, msiseme goti linarudi nyuma.

Hata kompyuta ina kosa lake, ila liko mahali usipolitarajia. Mwisho wa mfupa wa paja, huku chini, kuna vinundu viwili, cha ndani na cha nje. Mstari unaoviunganisha huchukuliwa kuwa ndio bawaba ya goti. Kati yake kuna kama sentimita 7 au 8. Kinundu si ncha ya sindano, ni kilima kidogo kilichofunikwa na kano. Kalamu ikigusa milimita 5 pembeni ya pale panapotakiwa, bawaba ya kwenye kompyuta imekaa mshazari kwa karibu nyuzi 4. Mguu ukinyooka kosa hilo halionekani kabisa. Ukiukunja hadi 90 linatokea lote, na linajitokeza kama matege, au kama magoti ya kugongana. Ni kama mlango uliofungwa bawaba zisizo wima: ukiwa umefungwa umekaa sawa, ukiufungua ncha inaanza kuburuza sakafuni. Mlango wenyewe haujapinda popote. Kwa hiyo ukiona kwenye grafu mstari wa matege unaanza 1 mguu ukiwa umenyooka, halafu unapanda 3 au 4 kadiri goti linavyokunjwa, usikimbilie kusema goti limewekwa vibaya. Pembe ya kukunja yenyewe haiguswi sana na kosa hili. Hizo 128 ziaminini.

Pini nayo ni jambo. Kuna siku, hospitali siitaji, tulikuwa katikati ya kazi na namba za mguu zikaanza kubadilika bila sababu. Kilichotuokoa ni desturi moja ndogo: mwanzoni mwa upasuaji unaweka alama kwenye mfupa, na kila baada ya hatua unarudi kuigusa kwa kalamu. Tulipoigusa, skrini ikasema kalamu iko hewani, milimita 3 juu ya mfupa. Pini ilikuwa imelegea, mfupa wa mama yule ulikuwa laini kwa umri. Tulianza kusajili upya kila kitu. Dakika kumi na tano zilipotea, na sijawahi kuzijutia.

Basi hizo 128 zina faida gani kama si mkunjo wa nyumbani? Zina faida kubwa, na hili ndilo ninalotaka ulishike. Namba ile ni shahidi wa kile ambacho si tatizo.

Daktari akikata mifupa na kuweka goti bandia anaacha nafasi mbili, moja mguu ukiwa umenyooka na nyingine ukiwa umekunjwa. Nafasi ya mkunjo ikibana, goti halikunji, hata ungeita majeshi. Nafasi ya kunyoosha ikibana, goti halinyooki. Kabla ya kushona alisukuma muundi ndani na nje, mguu ukiwa umenyooka na tena ukiwa kwenye 90, akasoma kwenye skrini goti linafunguka milimita ngapi kila upande. Tafuta namba hizo ndogo kwenye karatasi yenu, kwa kawaida ni kati ya 1 na 4. Zikikaribiana upande wa ndani na wa nje, kano zimeachwa na uwiano mzuri. Na kwa kuwa goti lilifika 0 na likafika 128, chuma na plastiki vilivyomo ndani havimzuii mama kufika huko. Kinachomzuia leo ni uvimbe, maumivu, misuli iliyoshtuka, na kovu la ndani linaloanza kukomaa. Vitatu vya mwanzo vinaondoka. Cha nne kina saa yake, na saa inakwenda.

Kama karatasi ingesema alitoka mezani na 95, mazungumzo yetu leo yangekuwa mengine kabisa.

Sasa ile namba inayonisumbua. Wewe umeona 88. Mimi nimeona 10. Goti lisilokunja sana linamnyima mtu starehe, lakini lisilonyooka linamchosha kila hatua anayopiga. Kutembea kwenye sakafu tambarare kunahitaji mkunjo wa nyuzi 65 au 70 tu, na mama anazo. Ngazi zinataka kama 85 hadi 95, kuinuka kwenye kiti cha kawaida kama 95 na kidogo. Hayo anayakaribia. Lakini akisimama na goti lililopinda nyuzi 10, misuli ya paja haipumziki hata sekunde, mguu unakuwa kama mfupi, na mgongo unaanza kulalamika. Mezani alifika 0. Kwa hiyo hizo 10 zimeingia baadaye, nyumbani.

Na nadhani umeshaniambia zilipoingilia. Mto.

Goti lililovimba hupumua likikunjwa kidogo, ndiyo maana mama anapata nafuu. Lakini akilala kwa muda wa saa nane kila usiku na mto chini ya goti, misuli na utando wa nyuma ya goti vinajifunza urefu mfupi, na wiki sita zinatosha kabisa kuvifundisha. Uondoeni leo. Chukueni khanga, iviringeni iwe kama roli, iwekeni chini ya kisigino, si chini ya goti, ili goti libaki hewani na lishuke lenyewe. Dakika kumi, mara nne au tano kwa siku, akiwa anasikiliza redio au anazungumza nanyi. Itauma nyuma ya goti, maumivu ya kuvutika. Hayo ni ya kuvumilia. Dawa ya maumivu aliyoandikiwa aimeze nusu saa kabla ya mazoezi, asisubiri mpaka maumivu yafike. Barafu iliyofungwa kwenye taulo baada ya hapo, robo saa.

Kabla ya hilo mwombe mtaalamu wenu apambanue jambo moja. Mama akiwa amelala chali, kisigino kwenye khanga, je, goti linabaki na 10 hata likisukumwa taratibu kwa kiganja? Au kwa kiganja linafika 2 au 3, ila mama mwenyewe akiambiwa anyooshe linabaki 10? La kwanza ni goti lililokakamaa. La pili ni misuli ya paja iliyolala, na dawa yake ni kukaza paja, kuhesabu hadi tano na kuachia, mamia ya mara kwa siku. Ukiniandikia tena niambie ni lipi kati ya hayo.

Kwa mkunjo, akae kwenye kiti kigumu, aburute kisigino nyuma chini ya kiti mpaka kibane, kisha asogeze makalio mbele kidogo bila kuinua mguu. Apimwe na mtu yule yule, saa ile ile, asubuhi kabla ya uvimbe wa mchana, na muandike kwenye daftari kunyoosha kwa kujitahidi mwenyewe, kunyoosha kwa kusukumwa, na kukunja. Safari ndefu ya ndege ilimkatia mazoezi katika wiki ambazo goti linajifunza haraka kuliko zote. Si kosa la mtu, lakini lazima lifidiwe sasa, na mazoezi ya mara mbili kwa wiki hayatoshi.

Uliuliza kuhusu kusali. Nitakuambia wazi kwa sababu naona hamkuambiwa. Kukaa juu ya visigino kama kwenye tashahudi kunataka goti likunjike zaidi ya nyuzi 140, wengine 150. Hata siku ile, chini ya ganzi, goti la mama lilifika 128. Na goti lake la zamani lilifika 112, maana yake miaka ya mwisho alikuwa ameshaacha kukaa hivyo, au alikuwa akikaa kwa mateso. Kibao cha mbuzi cha kukunia nazi nacho ni kifupi mno kwake. Mtafutieni wa kukuna akiwa amekaa kwenye kiti. Akifika 110 au 115 akiwa macho, hayo ni mafanikio makubwa kwa goti lililoanzia alipoanzia. Rukuu ataiweza vizuri. Kwa yaliyobaki, dini imempa mgonjwa ruhusa ya kusali kwenye kiti, na imamu wa msikiti wenu atamwambia hivyo kwa maneno matamu kuliko yangu. Msimwache afikiri kwamba kiti ni dalili ya upasuaji ulioshindikana.

Familia nyingi zililipa zaidi kwa ajili ya kompyuta, nanyi huenda ni miongoni mwao, na mtauliza kama ilistahili. Kwa kuunyoosha mguu, inasaidia: miguu inayotoka mezani imepinda zaidi ya nyuzi 3 hupungua. Australia, ambako kila goti bandia huandikwa kwenye rejista ya taifa, taarifa ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba kwa walio chini ya miaka 65, baada ya miaka 9, karibu 6.3 kati ya 100 walikuwa wamerudiwa upasuaji kama kompyuta ilitumika, na 7.8 kama haikutumika. Lakini Korea Kusini waliwafuata watu 520, kila mmoja goti moja limewekwa kwa kompyuta na la pili bila kompyuta, kwa zaidi ya miaka 10, na magoti hayakutofautiana. Mimi bado naitaka mezani kwangu, kwa sababu inaniandikia nilichokifanya, na leo imetuwezesha mimi na wewe kujua kwamba ndani ya goti la mama hakuna chuma kilichobana.

Msikae na goti hili mpaka mwakani. Wiki ya sita hadi ya kumi na mbili ndiyo dirisha. Kama mkifanya haya kwa bidii na bado hajavuka 90 mkielekea wiki ya kumi, mpelekeni kwa daktari bingwa wa mifupa, mkibeba karatasi ya kompyuta, daftari la vipimo na picha ya X-ray ya karibuni. X-ray mnaweza kupiga hapo hapo Tanga, hospitali ya Bombo; kwa bingwa wa magoti bandia, MOI, taasisi ya mifupa kule Muhimbili, Dar es Salaam, ni karibu kuliko kupanda ndege tena. Anaweza kumlaza kwa ganzi fupi na kulikunja goti taratibu mpaka kovu la ndani liachie. Njia hiyo inafanya kazi vizuri kovu likiwa bado changa. Likishakomaa, kulikunja kwa nguvu kunaweza kuvunja mfupa wa mtu wa umri wa mama, na hapo inabaki njia ya kisu.

Na kuna mambo ambayo hayasubiri wiki ya kumi wala kesho asubuhi: homa, kovu kuwa jekundu na la moto au kutoa maji, shavu la mguu kuvimba na kuuma likiminywa, au kifua kubana ghafla na pumzi kukatika. Hayo ni ya hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku.

Mto uondoke usiku wa leo. Baada ya wiki mbili mpime tena kunyoosha, halafu niandikie.